Sekunde Arobaini na Tatu

Ngumi ya kwanza ilimpata Fundi kabla hajajua anapigwa kwa kosa gani. Alikuwa amepiga magoti chini ya presi, tochi mdomoni, akitafuta kilichofanya mashine ile imle mwenzao mkono, ndipo mpakiaji mmoja alipomkamata ukosi, akamvuta nje na kumtandika konde la taya. Tochi iliruka, na jino likaruka nayo. Kabla mzee wa watu hajasema "jamani", walikuwa wameshafika wengine kumi, na katika hao kumi hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Watu wakishapata wa kumpiga, maswali ya nini tena?

"Jana kutwa ulikuwa unaichokoachokoa hii mashine!" mpakiaji alimfokea, akamwongeza teke la mbavu. "Leo imeshuka yenyewe! Imeshukaje yenyewe, mzee? Sema!"

"Haiwezi kushuka..." Fundi alianza, na mkono wa ndoo, ule waya mnene wa kubebea, ukampasua mdomo kabla hajamaliza.

Hatua sita kutoka pale, mgongo wake umeegemea ubao, alisimama mwanamke aliyejua jibu la swali lile. Walimwita Sekunde kwa sababu ya saa ya kubonyeza aliyoivaa shingoni kutwa nzima, na jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa hata na mlinzi wa getini anayeandika majina. Kazi yake ilikuwa kupanga kazi za wengine. Mtu aliyeliwa mkono asubuhi ile alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Sekunde alijua kwa nini presi ilimla, na alijua kwamba Fundi hakuwa na hatia hata chembe. Alijua, na alikuwa amenyamaza, na kila teke lililotua kwenye mbavu za yule mzee lilimkuta bado amenyamaza.

Kiwanda chao kilitengeneza ndoo za bati. Mstari ulikuwa na watu watano: mkataji wa bati, mkunjaji, mbanaji wa mshono, mgongaji wa vitako kwenye presi, na mtia mikono. Wengine, wapaka rangi na wapakiaji na wafagiaji, waliishi kwa kile kilichotoka kwa hao watano. Wiki tatu zilizopita Tajiri, ndivyo walivyomwita mwenye kiwanda, alikuwa ameshuka kutoka ofisini kwake na habari kwamba amepata mnunuzi wa ndoo mia sita kwa siku. Mstari ulikuwa unatoa mia nne na themanini. Tajiri akasema hataongeza mtu, hataongeza mashine, wala hataongeza saa, lakini atakayeufanya mstari huo utoe mia sita atakaa ofisi ya juu, awe msimamizi wa kiwanda kizima.

Sekunde aliitaka ofisi ile. Tusimlaumu kwa hilo. Alikuwa amesoma kwa jasho, kila mwisho wa wiki kwenye chuo kimoja cha jengo bovu, usimamizi wa uzalishaji, mpaka daftari lake lenye jalada gumu likajaa. Na mafunzo yake hakuyafanya siri. Siku ya pili yake aliwakusanya watu mbele ya ubao, akashika chaki.

"Zamu ni saa nane," aliwaambia. "Toa dakika arobaini za kula na kunawa. Zinabaki dakika mia nne na arobaini, yaani sekunde elfu ishirini na sita na mia nne. Mnunuzi anataka ndoo mia sita. Tukigawa tunapata ngapi?"

"Wewe ndiye msomi, tugawie," alisema mbanaji, mama mmoja mpana aliyejua kutania, na watu wakacheka.

"Arobaini na nne. Kila zikipita sekunde arobaini na nne, ndoo moja iwe imetoka. Sasa tuwaangalie ninyi." Akaandika nyakati alizowapima. Mkataji thelathini. Mkunjaji thelathini na nane. Mbanaji arobaini na moja. Presi hamsini na tano. Mtia mikono thelathini na sita. "Jumla mia mbili. Gawa kwa arobaini na nne, ni watu wanne na nusu, kwa hiyo watano tunatosha kabisa. Lakini msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Mkataji hata akate haraka vipi, ndoo zitasubiri pale kwenye presi. Kwa saa moja mbanaji anatoa themanini na saba, presi inameza sitini na tano. Ishirini na mbili zinabaki sakafuni. Ndiyo maana kila siku tunajikwaa kwenye lile lundo. Kituo kama hicho kitaalamu kinaitwa kikwazo."

"Kumbe kikwazo chetu ni Mashoto!" mtu alipaza sauti, na kicheko kikaenea.

Mashoto ndiye yule shemeji yake. Aliitwa hivyo kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kula, kusalimia akijisahau, hata kupiga, enzi zake za utundu. Alicheka na wenzake, ila kicheko chake kilikuwa cha kwanza kukatika. Jioni alimfuata Sekunde getini. "Shemeji," alisema, "siwezi kuwa kikwazo chako. Nipe siku mbili tatu, halafu uje unipime tena."

Jumanne Sekunde alimpima tena. Akabonyeza saa, akahesabu ndoo kumi, akagawanya. Arobaini na tatu. Moja pungufu ya arobaini na nne. Moyo ulimruka kwa furaha, na hapo hapo macho yakaona namna ilivyopatikana.

Presi ile ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, mbali mbali. Haishuki mpaka vyote viwili vibonyezwe, na lazima uvishikilie sekunde ishirini zote, inaposhuka, inapouma na inapopanda. Aliyeibuni hakuwa mjinga: mikono yako miwili ikiwa kwenye vitufe, huna wa tatu wa kuuingiza mahali pabaya. Mashoto alikuwa amekifunga kitufe cha kushoto kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kikabaki kimebonyea muda wote. Kwa hiyo presi ilipokuwa inashuka, mkono wake wa kushoto, ule wenye akili, ulikuwa huru kufuta na kupaka mafuta kitako cha ndoo inayofuata. Kazi hiyo ni ya sekunde kumi na mbili. Hamsini na tano toa kumi na mbili, umeipata arobaini na tatu.

Sekunde aliutazama ule mpira. Mashoto alimtazama yeye, akitabasamu kwa woga, kama anayesubiri alama za mtihani. Nyapara wao naye alikuwa amesimama pale pale, bomba lake la chuma begani, lile ambalo hugongea meza watu wakichelewa, na aliuona mpira vizuri tu.

"Vizuri," Sekunde alisema, akaandika 43.

Neno lenyewe ni hilo tu. Na msidhani hakuwa na njia nyingine. Nyumbani, kwa penseli, alikuwa ameshaandika njia halali: kazi ya kupaka mafuta ihamishiwe kwa mkataji, mwenye sekunde kumi na nne za kukaa bure kwa kila ndoo. Mkataji angefika arobaini na mbili, presi ingeshuka mpaka arobaini na tatu hiyo hiyo, mikono yote miwili kwenye vitufe, na mstari ungetoa mia sita na kumi na tatu. Lakini mkataji alikuwa mpwa wa Nyapara, na Nyapara alikuwa mtu wa kufoka mpaka mate yakurukie usoni. Sekunde alimwogopa. Aliona afadhali mpira ukae kimya kuliko Nyapara apige kelele.

Mashine haina huruma na haraka haina baraka, na hayo mawili yalikutana siku ya kumi tangu Jumanne ile, saa nne kasoro robo asubuhi. Kitako kimoja kilikaa upande. Presi hushuka polepole mpaka katikati, halafu hudondoka kwa kishindo. Mashoto akadhani bado ipo kwenye polepole. Akaupeleka mkono wa kushoto kukinyoosha kitako.

Ukelele wake ulimkuta Sekunde mbele ya ubao, akakimbia. Alipofika, presi ilikuwa imeshapanda, na kwenye kalibu, lile umbo la chuma ambamo vitako hugongwa, palikuwa na vitu ambavyo macho yake yalikataa kuvipanga. Walimfunga kwa ovaroli, wakambeba juu ya mlango uliong'olewa, wakaenda naye mbio zahanati. Mdogo wake Sekunde aliitwa kazini kwake, akapitia huko huko. Na katika ile purukushani Sekunde alimwona Nyapara akiinama, akikata mpira kwa kisu, akiutia mfukoni. Kisha Nyapara akajinyoosha, akatazama huku na huku, na kwa sauti yake kubwa akauliza: "Nani aliitengeneza hii mashine jana?"

Ndivyo Fundi alivyopatikana.

Sasa mzee alikuwa ameponyoka. Alitambaa kati ya miguu yao, damu ikichora njia sakafuni, akajirusha ndani ya stoo ya spea na kulisokomeza komeo. Umati ukaufuata mlango. Mateke yakaanza. Mpaka rangi mmoja, kijana mpole siku zote, mwenye kuwapa watu njia, akaja anakimbia na dumu la petroli ya kusafishia brashi.

"Tumtoe kwa moshi!" alipiga kelele. "Atoke ama aive!"

Na watu wakaitikia. Ndiyo, wale wale waliokuwa wanacheka na kutaniana mbele ya ubao. Petroli ikaanza kumwagwa kwenye kizingiti, harufu ikawapanda puani, na kutoka ndani ikasikika sauti ya Fundi akisema, "Wanangu, mimi nina wajukuu," na mtu nje akamjibu, "Na Mashoto je, hana watoto?"

Nyapara alisogea pembeni ya Sekunde. Bomba lilikuwa mkononi, lina damu ya Fundi.

"Funga mdomo wako, binti," alimwambia taratibu, bila kumtazama. "Huyo mzee hata hivyo hana miaka mingi. Wewe kesho kutwa uko ofisi ya juu, na mimi nitakuwa chini yako, nakuitikia ndiyo mama. Siri ya watu wawili haihitaji mlinzi."

Sekunde alitamani kumkubalia. Niseme ukweli, alitamani sana. Alifikiri juu ya ofisi, juu ya mdogo wake atakayemtazama usoni maisha yote, juu ya daftari lake. Kisha kiberiti kikawashwa, kikazimwa na upepo, na umati ukasema "Aah!" kwa kuudhika. Ni ile "Aah!" iliyomtoa pale. Waliudhika kwamba mtu hajaungua bado.

Alikimbia. Hakuwakimbilia wao, maana wangemkanyaga tu. Aliukimbilia ukuta wenye swichi ya king'ora, akaivuta chini kwa mikono yote miwili.

King'ora cha kubadili zamu kililia. Watu wa kiwandani wana ugonjwa mmoja: kikilia kile kitu, mikono huacha inachofanya. Kiberiti cha pili kilibaki bila kuwashwa. Vichwa arobaini vikageuka.

"Haikushuka yenyewe!" Sekunde alipasua koo. "Fundi hana kosa! Nipeni dakika moja nionyeshe, halafu mkitaka kuchoma mtu, mtajua wa kumchoma!"

"Anachanganyikiwa, ni shemeji yake," Nyapara alisema haraka. "Mpelekeni akapumzike."

"Mwacheni aseme," alisema mbanaji, yule mama mpana, na hakuna aliyezoea kumbishia.

Sekunde alisimama mbele ya presi. "Mama, njoo ugonge ndoo moja. Moja tu. Bonyeza vitufe vyote viwili, kama inavyotakiwa. Na ninyi wote mhesabu kwa sauti na saa yangu."

Mbanaji aliitazama kalibu, akachukua tambara, akaifuta damu ya Mashoto huku machozi yakimtiririka. Alilitumbukiza tambara lile kwenye ndoo mbovu. Kisha akavuta kitako kipya na kopo la mafuta. Sekunde akabonyeza saa.

Moja, mbili, tatu. Mwanzoni walihesabu wachache, kwa kunung'unika. Kufikia kumi na mbili kitako kilikuwa kimefutwa na kupakwa, na nusu ya kiwanda ilikuwa inahesabu. Ishirini na saba, ndoo na kitako viko mahali pake, mikono yote miwili ya mbanaji ikaenda kwenye vitufe, huku na huku, amejitanua kama anayesulubiwa. Presi ikaanza kushuka. Thelathini na tano, thelathini na sita. Ikadondoka, na watu wengi wakafumba macho. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili.

"Arobaini na tatu!" walisema, na presi ilikuwa bado imeuma.

Waliendelea. Kila namba iliyofuata ilitoka kwa sauti ya chini kuliko iliyotangulia. Arobaini na saba, presi ikawa imeshapanda. Hamsini na tano, mbanaji akaiweka ndoo sakafuni, akapangusa mikono kwenye vazi lake.

"Hamsini na tano," Sekunde alisema. Aliinua saa juu ili wote waione. "Kwa mikono miwili kwenye vitufe haiwezekani chini ya hapo. Sasa tazameni ubao. Nimeandika ngapi?"

Hawakuwa na haja ya kutazama. Siku kumi walikuwa wameiona pale.

"Lile lundo mbele ya presi liliisha siku gani? Jumanne. Kwa nini liliisha Jumanne? Kwa sababu Jumanne kitufe cha kushoto kilifungwa kwa mpira. Mashoto alifunga. Mimi niliona, nikaandika arobaini na tatu, nikaipeleka kwa Tajiri. Tangu hapo Mashoto hakuwa na ruhusa ya kufungua, maana akifungua anarudi mia nne na themanini na mnamzomea. Fundi jana alibadilisha mpira mwingine kabisa, ule wa kuzuia mafuta yasivuje kule nyuma, basi. Namba ni yangu."

Bomba la Nyapara lilimpata Sekunde kwenye bega, likamwangusha juu ya ndoo.

"Mwongo mkubwa!" Nyapara alinguruma, akaliinua tena. "Mpira uko wapi? Hebu uonyeshe huo mpira!"

"Uko mfukoni mwako, mjomba," alisema mkataji.

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, mtu mzima mwenye watoto watatu, mkimya kwa tabia. Alikuja mbele, akaingiza mkono mfuko wa ovaroli ya mjomba wake, na Nyapara, ambaye angeweza kumpasua kichwa, alibaki ameduwaa na bomba hewani. Kipande cha mpira kikatoka, cheusi, kina damu.

"Nilikuona ukikikata. Nikanyamaza kwa sababu wewe ni mjomba wangu," mkataji alisema. Kisha akamgeukia Sekunde aliyekuwa sakafuni. "Na wewe. Kwani mimi nina sekunde ngapi za kukaa bure?"

"Kumi na nne," Sekunde alijibu.

"Mafuta yanachukua ngapi kupaka?"

"Kumi na mbili."

"Ungeniambia tu. Ningepaka. Ningepaka hata kwa kuimba! Si nilikuwa nakaa tu pale, nachezea vipande vya bati! Kwa nini hukuniambia?"

Sekunde aliliwaza jibu lake. Nilimwogopa mjomba wako: hilo nalo ni jibu?

Mpakiaji aliyempiga Fundi la kwanza ndiye aliyempiga Nyapara la kwanza, pengine kwa kujisafisha. Likafuata la pili, la tatu, bomba likamtoka, na Nyapara akatia mguu niponye kupitia lango la magari, kiatu kimoja kikibaki nyuma, mawe yakimsindikiza. Wengine walivunja mlango wa stoo, safari hii kwa kumtoa mtu salama. Walimketisha Fundi juu ya ndoo iliyogeuzwa, wakamwita baba, wakamfuta uso kwa mashati yao. Mpaka rangi alipiga magoti mbele yake akilia kwa kwikwi, dumu bado liko mkononi. Fundi aliwatazama mmoja mmoja kwa jicho moja lililobaki wazi.

Nyapara alikuwa amekimbia, na Fundi hakuwa na kosa. Hasira ilikuwa bado ipo, na haikosi pa kwenda. Akabaki Sekunde.

Hakukimbia. Aliinuka mpaka magotini, mkono wa upande wa bega lililopigwa ukining'inia. Ndoo ya kwanza ilimpata mgongoni. Waya ukamchapa shingoni, ukakata uzi wa saa. Mtu alimshika nywele, mwingine akampiga kofi, na mwingine, na katika kila kofi kulikuwa na neno: ofisi ya juu, msomi, muuaji. Alionja damu. Alifikiri, kwa utulivu uliomshangaza, kwamba ni haki yake, na kwamba wakimpiga vya kutosha labda hatalazimika kusema tena lolote kwa mtu yeyote.

"Dada! Dada yangu!"

Mdogo wake alikuwa ameingia getini. Alitoka zahanati mbio kuja kumchukua dada yake, kwa sababu madaktari walitaka mtu wa familia mwenye akili zilizotulia, na katika familia yao mwenye akili alikuwa mmoja. Gauni lake la kazini lilikuwa limeloa damu ya mumewe kuanzia kifuani hadi magotini. Alichokiona ni watu kumi na tano juu ya mtu mmoja, na yule mmoja ni dada yake. Hakuuliza. Alipenya kwa viwiko, akamng'ata mtu mkono, akajitupa juu ya Sekunde na kumfunika mwili mzima. Waya uliokuwa umeshainuliwa ulishuka kwenye mgongo wake yeye. Akapiga kelele, lakini hakuachia.

"Mmerogwa?" alilia, kichwa chake kimebanwa kwenye shingo ya dada yake. "Mume wangu mmemrudisha hana mkono, na dada yangu mnamuua? Kawakosea nini? Mnipige mimi! Haya, nipigeni mimi!"

Mikono ikashuka. Watu wakarudi nyuma, wakitazamana, wakitazama viatu vyao. Aliyeshika waya aliuficha nyuma ya mgongo.

"Amewakosea nini?" mdogo wake aliuliza tena. Alimgeukia mbanaji. "Mama, wewe niambie."

Mbanaji aligeuza uso ukutani. Mkataji alikuwa analia. Umati mzima, uliokuwa tayari kuchoma mtu robo saa iliyopita, haukuwa na hata mmoja mwenye ujasiri wa kusema sentensi moja.

"Dada." Sasa alimwuliza mwenyewe, akimpangusa damu puani kwa ncha ya gauni, kwa upole ule ule ambao Sekunde alikuwa akimpangusa yeye kamasi utotoni. "Niambie wewe. Wanakusingizia nini?"

"Hawanisingizii," Sekunde alisema.

Akamwambia. Hakuchukua muda mrefu. Alisema mpira, alisema Jumanne, alisema mumewe alimtazama kusubiri kauli na yeye akasema vizuri. Alisema ipo njia nyingine, aliijua, na hakuitumia kwa woga. Alisema yote bila kuondoa macho kwenye macho ya mdogo wake, kwa hiyo aliona kila neno lilipofika.

Mikono iliyomkumbatia ililegea. Mdogo wake aliinuka polepole, akaokota kiatu chake kilichochomoka, akakivaa. Alisimama kitambo kidogo akimwangalia aliyekuwa miguuni pake, kisha akawageukia wale watu kumi na watano waliokuwa wanamngoja aseme.

"Endeleeni," aliwaambia, akaenda zake zahanati.